Keshia Anaijua Excel, Lakini Nani Anaijua Mashine?

Chukua CV za vijana wanaotafuta kazi ya keshia au karani wa hesabu hapa Kenya, usome sehemu ya elimu. Utakuta shule ya upili, pengine chuo, halafu mstari ule tuliouzoea: "Computer packages". Ni wiki chache za kujifunza kuandika barua, kupanga hesabu kwenye jedwali, kutengeneza slaidi, kutuma barua pepe na kuingia kwenye intaneti. Cheti kinatolewa, na mwenye biashara akikiona anaridhika: huyu anajua kompyuta.

Hatuna ugomvi na kozi hiyo. Imewaingiza kazini vijana wengi ambao hawakuwa na kompyuta nyumbani wala shuleni. Lakini ukiitazama vizuri, karibu kila kitu kinachofundishwa pale ni programu zinazokaa juu ya mfumo endeshi. Mfumo wenyewe, yaani Windows au Linux, ule unaoamua nani anaingia, nani anaweza kuweka programu mpya, faili ziko wapi na saa ni ngapi, hupewa asubuhi moja tu: hivi ndivyo mashine inavyowashwa, hiki ni kipanya, hivi ndivyo inavyozimwa. Baada ya hapo hautajwi tena. Ni kama kumfundisha mtu kuuza nyama na kukata vipande vizuri, halafu usimwonyeshe jinsi bucha inavyofungwa usiku.

Sasa, mbona kampuni ya malipo kwa simu ijiingize katika maneno haya? Kwa sababu malipo yanaanza kwenye simu ya mteja wako, lakini kwa biashara nyingi hayaishii hapo. Yanaishia kwenye ile kompyuta iliyo kando ya kaunta au kwenye ofisi ya nyuma. Hapo ndipo unapofungua tovuti yetu ya wafanyabiashara, unapopakua taarifa za mwezi, unapomrudishia mteja pesa aliyolipa mara mbili, unapolipa mishahara ya watu ishirini kwa mpigo mmoja. Upande wetu tunaulinda sisi. Mashine ni yako, na sisi hatuwezi kuingia dukani kwako kuangalia nani ameiacha wazi akaenda kunywa chai.

Na tukisema ukweli, matatizo mengi yanayoletwa kwetu yakiitwa "system iko chini" hayahusu system yetu hata kidogo. Yanahusu Windows, na mtu aliyefundishwa vizuri kwa siku mbili tatu angeyatatua kabla hata hajapiga simu.

Anza na saa

Tatizo tunalopenda kulitolea mfano ni dogo mno hadi linachekesha. Stima imepotea usiku. Asubuhi keshia anawasha kompyuta, anajaribu kufungua tovuti, na kivinjari kinamwonyesha ukurasa wa onyo unaosema muunganisho si salama. Anajaribu tovuti ya benki, ni vilevile. Anajaribu ya KRA, vilevile. Intaneti iko, maana kwenye simu yake WhatsApp inafanya kazi. Basi anahitimisha kwamba kila mtu ameharibikiwa siku hiyo hiyo.

Angalia kona ya chini kulia ya skrini. Mashine inadhani tuko mwaka mwingine kabisa.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, ambayo kwa kawaida ni ya aina ya CR2032. Kazi yake ni kuhifadhi saa mashine ikiwa haina umeme. Betri ikichoka, hutajua chochote maadamu stima iko. Siku stima inapopotea, au mtu anapochomoa waya ili achaji simu yake, saa inarudi nyuma miaka. Na kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka wa nyuma inakiona cheti kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na inakikataa. Inafanya kazi yake sawasawa; ni saa tu inayoidanganya.

Dawa ni kurekebisha tarehe, kisha kununua betri mpya, ambayo bei yake ni ndogo kuliko hasara ya asubuhi moja bila mauzo. Lakini kinachotuhangaisha si betri. Ni kile ambacho mtu asiyefundishwa hufanya. Anatafuta kile kiungo kidogo kwenye ukurasa wa onyo kinachosema endelea tu, anakibonyeza, tovuti inafunguka, na maisha yanaendelea. Akishafanya hivyo siku tano amejifunza somo baya kuliko yote: kwamba maonyo ya usalama ni kero ya kupita. Siku ya sita akipata onyo la kweli, kwa sababu ameingia tovuti bandia inayofanana na yetu, mkono wake utaenda pale pale.

Kuna jambo jingine la saa linalowasumbua hasa walionunua mashine za ex-UK. Mashine inakuja ikiwa bado iko kwenye majira ya London. Wakati wa baridi kule, London iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Wakati wa kiangazi, saa 2. Mteja analipa saa tatu asubuhi, ujumbe wa simu unasema saa tatu, lakini programu yako ya mauzo inaandika saa kumi na mbili alfajiri, duka likiwa bado limefungwa. Jioni mtu anapolinganisha orodha yetu na orodha yake, hakuna kinachokutana. Fundi wa haraka husogeza saa kwa mkono, na siku mashine inapojirekebisha kupitia intaneti inarudi kule kule. Kinachotakiwa ni kuingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, kuchagua eneo la Nairobi, lile lenye alama ya +03:00, kisha kuruhusu mashine ijisawazishe yenyewe. Ni kazi ya dakika mbili, ila lazima mtu awe amewahi kuonyeshwa.

Akaunti moja, watu watatu

Hili sasa ndilo zito, na tungeomba mwenye biashara alisome mara mbili.

Unapoweka Windows kwenye kompyuta mpya, akaunti ya kwanza inayotengenezwa huwa ya msimamizi. Inaweza kuweka programu, kuondoa programu, kuzima kinga ya virusi, kufungua folda za watu wengine, kubadilisha nywila za wengine. Katika maduka mengi hiyo akaunti ya kwanza huwa pia ndiyo ya mwisho. Inaitwa "User" au jina la duka, paswadi yake iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi, na kila anayeingia zamu anaitumia: keshia wa asubuhi, keshia wa jioni, mdosi mwenyewe, na kijana wa likizo aliyekuja kusaidia Desemba.

Tuseme biashara yako ina makeshia watatu. Jumanne, saa 1:40 jioni, kwenye tovuti ya malipo kunafanyika marejesho ya shilingi 18,500 kwenda kwa namba ambayo haikununua kitu. Unagundua Ijumaa. Unakuja kwetu, tunakuambia: marejesho yalifanywa na mtumiaji fulani, saa fulani. Mtumiaji huyo ni ile akaunti moja mnayoshirikiana. Unageukia kompyuta. Windows nayo ina kumbukumbu zake za usalama, huandika ni akaunti ipi iliyoingia na saa ngapi, lakini kwenu kuna akaunti moja tu, basi itakuambia kwamba "User" aliingia. Asante sana.

Kinachofuata unakijua. Lawama zinamwangukia yule mgeni, au yule asiyependwa, au yule aliyeonekana na viatu vipya. Mtu anaondoka kazini bila barua, bila mshahara wa mwezi, na pengine bila hatia. Mwizi mwenyewe, kama ni mmoja wa wale wawili waliobaki, bado yuko kaunta.

Ndiyo maana tunapinga ile kauli ya "hapa sisi ni familia, hatufichani paswadi". Akaunti ya kila mtu na nywila yake ni kinga ya mfanyakazi kabla hata haijawa kinga ya tajiri. Keshia mwaminifu ndiye anayepaswa kuidai kwanza, maana siku pesa ikipotea ndicho kitu pekee kitakachosema kwamba wakati ule yeye alikuwa hajaingia.

Kazi yenyewe si kubwa. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya akaunti, tengeneza akaunti moja kwa kila mtu. Kila akaunti ina aina yake: "Administrator" au "Standard User". Makeshia wote wawe "Standard". Ukitaka ushauri wetu, hata wewe mwenye biashara kaa kwenye "Standard" kwa kazi za kila siku, na ile ya msimamizi uifungue tu siku ya kuweka programu. Watu hukataa hapo, wanaona kama wamenyimwa cheo. Si cheo. Programu mbaya ikiingia kupitia barua pepe, kwa kawaida huanza na mamlaka yale yale ya aliyeifungua. Ikikukuta wewe ni msimamizi, imekuta milango yote wazi. Ikikukuta mtumiaji wa kawaida, inaweza bado kuharibu faili zako, lakini kujichimbia ndani ya mfumo wote ni kazi ngumu zaidi, na mara nyingi dirisha litajitokeza likidai nywila ya msimamizi. Hapo mtu anapata nafasi ya kujiuliza: mbona ankara ya PDF inaomba ruhusa ya kuweka programu?

Tukiwa hapo kwenye ankara, kuna kitu kimoja cha kuwaonyesha wafanyakazi wote. Windows, bila kuguswa, huficha viishio vya majina ya faili inazozijua. Faili inayoitwa "ankara.pdf.exe" itaonekana kama "ankara.pdf", na pengine imepewa hata picha ya PDF. Ile "exe" ya mwisho ndiyo inayosema kwamba hii ni programu. Ingia kwenye dirisha la kufungulia folda, kwenye sehemu ya mwonekano, na uruhusu viishio vionekane. Baada ya hapo kila mtu ataona anachobonyeza.

Halafu fundisha vidole. Kitufe chenye alama ya Windows pamoja na L, mashine imejifunga. Keshia akiinuka hata kwenda kumtolea mteja mfuko wa unga, avibonyeze. Hii isiwe kanuni iliyoandikwa ukutani tu. Iwe mazoea, kama kufunga droo ya pesa.

Na zile nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari? Ukishakubali kivinjari kikukumbukie nywila ya tovuti ya malipo, yeyote aliye ndani ya akaunti yako ya Windows anaweza kuingia bila kuulizwa, na anayejua PIN ya kompyuta anaweza kwa kawaida kuisoma nywila yenyewe kwa herufi zake. Kama akaunti ni ya kila mtu, nywila ya pesa nayo ni ya kila mtu. Kwa upande wetu tunakuomba jambo lile lile: kila mtu awe na mtumiaji wake kwenye tovuti ya wafanyabiashara, na haki ya kufanya marejesho ipewe wachache.

Masasisho, na mwaka 2017

Hakuna kitu kinachochukiwa kwenye kompyuta ya ofisi kama yale masasisho. Yanakula bando, yanachelewesha mashine asubuhi, na yanajitokeza wateja wakiwa foleni. Kwa hiyo fundi anaombwa ayazime kabisa, naye anakubali kwa sababu mteja ndiye mfalme.

Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayotumika kushiriki faili kati ya kompyuta za mtandao mmoja. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kikaanza kusambaa kupitia tundu lile lile. Kilifunga faili na kudai kikombozi kwa Bitcoin, na kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza chochote. Nchi zaidi ya 100 ziliguswa. Huko Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Ukaguzi wa serikali ulikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa. Na nyingi ya kompyuta zilizopatwa kule hazikuwa za zamani ajabu. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inapata masasisho. Sasisho lilikuwepo. Halikuwekwa.

Kwa hiyo mfanyakazi anayesimamia mashine afundishwe kuyapanga masasisho badala ya kuyazima. Windows ina mahali pa kuweka saa za kazi ili isijiwashe upya wakati wa biashara. Kama mnatumia bando la simu, mtandao huo unaweza kuwekewa alama kwamba una kipimo, ili usile data ovyo, halafu siku moja ya juma, tuseme Jumapili jioni, mashine iunganishwe mahali penye WiFi ya bei nafuu ijisasishe yote. Ni kazi ya mtu mmoja, yenye siku yake, na iandikwe kwenye ratiba kama ilivyo kazi ya kupeleka pesa benki.

Hapo kuna suala la Windows 10. Muda wake wa kusaidiwa bila malipo ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado inawaka, bado inafungua tovuti, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Ila matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena kwa njia ya kawaida. Microsoft iliweka mpango wa kuongezewa muda kwa wanaojisajili, lakini huo ni muda wa kujipanga tu. Ukitaka kujua uko wapi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika "winver", kisha Enter. Jibu litakuja na toleo lako.

Kuhamia Windows 11 hakuwezekani kwenye kila mashine. Inahitaji angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kile kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa upande wa Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha 8. Mashine nyingi za ex-UK zilizoko madukani hazifiki hapo. Ukienda kununua nyingine ya mitumba, hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei. Na kama mashine yako ni nzima ila haikubaliwi na Windows 11, na kazi zako zote hufanyika ndani ya kivinjari, fikiria Ubuntu. Ni mfumo wa Linux ulioanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth mwaka 2004, haulipiwi, na matoleo yake ya muda mrefu hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5. Hakikisha kwanza kwamba printa yako ya risiti na programu yako ya mauzo zinafanya kazi humo. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kuhusu Windows ya "kucrackiwa", maneno yetu ni mafupi. Zile programu za kuiamsha bila leseni kwa kawaida hukuomba kwanza uzime kinga ya virusi, kisha uziendeshe kama msimamizi. Fikiria mtu anayekuja kukurekebishia kitasa na sharti lake la kwanza ni kwamba mbwa afungwe na wewe utoke nje.

Anayepiga simu akisema anatoka kwetu

Wezi wa pesa za simu zamani walimfuata mwenye simu. Siku hizi wanaifuata pia kompyuta ya biashara. Simu inaingia, mtu ana sauti ya upole, anajua jina la duka na hata namba ya till, maana namba hiyo imebandikwa ukutani kila mtu aione. Anasema kuna hitilafu kwenye akaunti, na anamwomba keshia apakue programu ndogo ili amsaidie kwa mbali. Programu yenyewe ni halali, hutumiwa na mafundi wa kweli kila siku. Ikishawekwa na keshia akasoma zile namba zinazoonekana kwenye skrini, aliye upande wa pili anaona kila kitu na anaweza kusogeza kipanya.

Sisi hatutakupigia simu kukuomba uweke programu ya namna hiyo, wala usome nywila, PIN au namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako. Hata siku moja.

Lakini onyo peke yake halitoshi, kwa sababu keshia aliyetishwa kwamba akaunti itafungwa atatii. Mafunzo yampe kitu cha kufanya kwa mikono. Achomoe waya wa mtandao au azime WiFi. Hapo yule mtu amekatwa. Asizime kompyuta kwa haraka, maana kilichofanyika kinaweza kuwa bado kinaonekana kwenye skrini. Apige picha kwa simu. Kisha awapigie simu mdosi na sisi kwa namba iliyo kwenye tovuti yetu, si ile iliyompigia. Baada ya hapo nywila zibadilishwe, kutoka kwenye kifaa kingine. Zoezi hili lifanywe kweli, mmoja akijifanya mwizi. Watu watacheka mara ya kwanza, na ni sawa wacheke.

Kumbuka pia sheria. Kama kompyuta ile ilikuwa na majina, namba za simu na vitambulisho vya wateja, na zikafika mikononi mwa mtu asiyestahili kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Saa 72 ni chache kwa biashara ambayo haijui hata nani alikuwa ameingia kwenye mashine.

Nani afundishwe, na kwa pesa gani

Usimpeleke kila mtu kwenye kozi. Kwa biashara yenye watu kumi, makeshia wote wapate nusu siku: akaunti zao, kufunga skrini, viishio vya faili, maonyo ya kivinjari, simu za wezi. Kisha chagua wawili wapate zaidi. Wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja ataugua, au ataenda kuzika nyumbani Siaya wiki nzima, na hiyo ndiyo wiki mashine itakayogoma.

Hao wawili wajue kutengeneza akaunti na kuifunga siku mtu anapoacha kazi, siku hiyo hiyo kabla ya chai ya kumwaga. Wajue kuangalia kupitia Task Manager ni programu gani inayokula mashine. Wajue kusoma kumbukumbu za matukio angalau kujua nani aliingia na saa ngapi. Na wajue kuweka nakala za faili mahali pawili tofauti, kimoja kikiwa nje ya duka. Hapa jaribio liwe moja tu: futa faili ya majaribio, mwambie airudishe. Tumeona watu wanaoonyesha kwa fahari diski yao ya nakala, iliyochomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Kirusi cha kikombozi kikija kitafunga na hiyo pia. Diski ya nakala ichomolewe kazi ikiisha, ikae kabatini.

Kampuni kubwa kidogo, zenye seva ya Linux inayotuma malipo kwa wingi, zina somo lile lile kwa lugha nyingine. Kule msimamizi anaitwa "root". Ubuntu haimpi mtu yeyote njia ya kuingia kama root moja kwa moja tangu mwanzo. Kila mmoja huingia kwa jina lake, kisha hutumia amri ya "sudo" anapohitaji mamlaka, na mfumo huandika ni nani aliyeitumia na kwa amri gani. Ukikuta watengenezaji wako wote wanaingia kwa root kwa ufunguo mmoja, umerudi kwa makeshia watatu na akaunti ya "User".

Gharama si kisingizio kikubwa. Cisco Networking Academy ina kozi za msingi za mifumo endeshi zisizolipiwa. Linux Foundation ina kozi ya utangulizi wa Linux ambayo mtu anaweza kuisoma bure kwa mtandao. Anayetaka cheti cha kutambulika kimataifa anaweza kulenga CompTIA A+, yenye mitihani miwili, huo unalipiwa. Na kuna pesa ambayo waajiri wengi huilipa wakaisahau: ushuru wa mafunzo wa NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwajiri anayeulipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Uliza masharti kabla ya kuwapeleka watu darasani, si baada.

Kuna mdosi atakayesema: nikimfundisha, ataondoka. Anaweza kuondoka, ndiyo. Mwongeze kitu kidogo kwenye mshahara kwa kazi hii ya ziada, maana sasa anafanya kazi mbili, na mpe muda wake ndani ya saa za kazi, si Jumapili kwa hisani.

Limebaki swali la nywila ya msimamizi yenyewe, ikiwa hakuna anayeitumia kila siku. Iandike kwenye karatasi, itie ndani ya bahasha, ifunge, na wale wawili watie sahihi juu ya gundi. Iweke pamoja na hati za biashara. Ikifunguliwa, tarehe na sababu ziandikwe kwenye daftari, nywila ibadilishwe, na bahasha mpya ifungwe siku hiyo hiyo.